Sifongo wa Mwamba wa Mbali

6 Februari

Shemeji,

Salamu nyingi. Sikio la kushoto vipi? Nakuandikia barua kwa sababu simuni unanisikia nusu, na nusu nyingine unaijaza mwenyewe, na kazi hii siwezi kukuachia uijaze.

Ule mradi niliokudokezea umekubaliwa. Mkuu wa maabara ametia saini. Nahitaji mtu wa kushuka chini ya maji anikatie vipande vya sifongo, nikasema mpiga mbizi ninaye, ni mume wa marehemu dada yangu, ana miaka kumi na tisa bandarini. Nimekumwagia sifa mpaka nikaona haya.

Sasa sikiliza. Sifongo ni mnyama. Usicheke. Hana kichwa, hana moyo, hana hata tumbo la kueleweka, lakini ni mnyama, na kutwa kucha anavuta maji kupitia vitundu vya mwilini na kuyatema. Ndani yake wanaishi bakteria wengi ajabu. Kuna sifongo ambao ukiwapima, zaidi ya theluthi ya mwili si wao, ni wapangaji. Ninachotaka kujua ni hiki: wapangaji hao anawaokota tu kwenye maji yanayompitia, au ana wake maalumu popote anapoishi? Hapo ndipo shahada yangu inapolala.

Kwa hiyo nataka sifongo wa aina moja, yule wa rangi ya chungwa, kutoka sehemu mbili: Mwamba wa Karibu, hapo nyuma ya gati, na Mwamba wa Mbali, ule wa saa tano kwa boti. Kumi na wawili kila mwamba. Kila mmoja kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mfuko wake, wembe wake mpya. Nimekuwekea nyembe ishirini na nne. Pembeni ya kila sifongo ujaze chupa moja ya maji, uandike namba.

Wangeweza kunipa mtu mwingine, lakini wewe ndiye ambaye neno lako nalipokea nikiwa nimefumba macho. Wewe ndiye uliyeniambia alichosema dada siku zile za mwisho, "Msimwite, ana mtihani, mwacheni asome." Miaka mitano sasa nimesimama juu ya neno hilo. Bila hilo sijui ningejitazamaje kwenye kioo.

Mdogo wako wa maabara

15 Februari

Daktari wa Vidudu,

Najua hujawa daktari, lakini nazoeza ulimi.

Nimewaambia wenzangu kwamba sifongo ni mnyama. Mmoja alipaliwa na chai, ikabidi tumpige mgongoni. Mwingine ameuliza kama godoro lake nalo lina damu. Ndivyo unavyoniponza.

Kazi nimeikubali. Karibu ni mchezo. Mbali ni kina cha mita thelathini na mkondo wa kumvua mtu viatu, lakini nitashuka. Hapa kwetu anayeshuka anafungwa kamba, na juu ya boti anakaa mtu wa kamba, anahesabu dakika. Ukidanganya mara moja tu, umesema mita kumi kumbe ishirini, hushiki tena kamba ya mtu na hakuna atakayeshika yako. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi na namba zangu.

Hayo ya dada yako tuyaache yalipo. Alikupenda, hilo halina mjadala.

Nanga

(Wenzangu ndio walionipa jina hilo. Wanasema nikitupwa sirudi upesi.)

20 Machi

Daktari wa Vidudu,

Masanduku mawili ya barafu yako kwenye basi la leo, barua hii nimeifunga juu ya la pili. Mpe dereva shukrani, amekubali kuyaweka karibu na miguu yake.

Kule Karibu nilimaliza kwa asubuhi moja. Mbali ilinibidi nishuke mara mbili siku hiyohiyo, kwa sababu safari ya kwanza pweza alining'ang'ania mfuko. Mimi navuta, yeye anavuta, wembe mkononi, dakika zinakwenda, na juu mtu wa kamba ananishtua kila mara akidhani nimelala. Nilimwachia mfuko ule. Mnyama gani sijui anataka kipande cha sifongo, labda naye ana shahada.

Sifongo wa kumi na mbili alikuwa peke yake kwenye shimo, mdogo kama kikombe. Nilimkata kidogo kuliko kipimo. Uniwie radhi, nilimwonea huruma.

Chupa za maji zote ishirini na nne zimejaa. Zile za Mbali nimeandika na mkondo ulivyokuwa.

Nanga

2 Juni

Shemeji,

Salamu. Nitakwenda moja kwa moja, kwa sababu nikizunguka nitashindwa.

Sifongo wa Mwamba wa Karibu na wa Mwamba wa Mbali wana bakteria walewale. Sisemi wanakaribiana. Ni walewale, aina kwa aina, karibu kwa kiasi kilekile. Nimerudia mara tatu. Huko Karibu kuna mafuta ya meli na maji machafu ya bandari, Mbali ni bahari wazi, haiwezekani wapangaji wasitofautiane.

Mkuu wa maabara alisoma karatasi zangu, akavua miwani, akauliza, "Huyu shemeji yako, huko mbali alifika?"

Nikasema alifika.

Akasema, "Saa tano za boti, mita thelathini, mkondo. Mimi ningekata wote nyuma ya gati nikarudi kulala."

Maji ya chupa yangetusaidia, lakini dawa za kupimia zimeisha na nyingine zitachelewa sana. Mkuu hataki kungoja. Anasema njia ni mbili. Kama hakuna maelezo, basi tumechafua vipande hapa maabara, kazi yote inafungwa na shahada yangu inakwenda nayo. Kama kosa ni la aliyekata, tunatupa fungu la Mbali, naandika la Karibu peke yake, namaliza.

Shemeji, sikulaumu. Kama ulichoka, kama boti ilikataa, kama bahari ilichafuka, sema tu. Ukisema, mimi napona. Andika kwa mkono wako, Mkuu anataka karatasi.

Mdogo wako

11 Juni

Shemeji,

Barua nimeipata. Ni kweli. Sikwenda Mwamba wa Mbali. Bahari ilikuwa mbaya, nikakata wote ishirini na wanne nyuma ya gati, nikaandika namba ulizotaka.

Mpe mkuu wako karatasi hii. Nisamehe kwa usumbufu. Maliza masomo.

Nanga

17 Juni

Kwako,

Karatasi nimempa. Amefurahi sana, ameniambia alijua tangu mwanzo.

Mifuko kumi na miwili ya "Mbali" nimeitupa mwenyewe kwenye tanuru la taka za maabara. Nimesimama pale mpaka ikaisha. Niliposema "sikulaumu" nilifikiri nitakuwa na ubavu wa kutokulaumu. Sina.

Unajua kinachonikereketa si sifongo. Ni pweza. Ulikaa chini, ukashika kalamu, ukanitungia pweza. Ukanitungia na sifongo mdogo kwenye shimo, eti ulimwonea huruma, nami mjinga nikaisoma sehemu hiyo kwa sauti mbele ya wenzangu. Mtu anayeweza kutunga pweza atashindwa kumtungia marehemu maneno? "Msimwite, ana mtihani." Limepangwa vizuri mno. Dada hakuwa mtu wa kuzungumza hivyo. Dada alikuwa anaogopa hata kwenda kung'oa jino peke yake.

Sitaki jibu. Kila utakachoandika nitakigeuzageuza kutafuta pweza wengine.

Mtafiti, chumba namba sita

9 Agosti, mwaka uliofuata

Shemeji,

Sijui kama nina haki ya kukuita hivyo. Nimeichana barua hii mara nne.

Juma lililopita nimeambiwa nitoe vitu vyangu kwenye friza, kuna mtafiti mpya. Chini kabisa nikakuta chupa zako ishirini na nne. Tulizisahau. Nilishazibeba nikazimwage kwenye sinki, nikaona mwandiko wako: "Mbali 7, mkondo wa kulia, mkali." "Mbali 9, umetulia." Nikaona ajabu. Mtu ambaye hakwenda anajuaje mkondo ulivyogeuka kati ya chupa ya saba na ya tisa? Dawa zilikuwepo. Nikapima.

Shemeji, maji ya Mbali si maji ya nyuma ya gati. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona. Bakteria wa bandarini hawamo kabisa. Ulikwenda.

Na mwezi huohuo watu wa chuo kingine wamechapisha matokeo yao. Wamechukua sifongo wa aina moja kutoka bahari zilizo mbali kuliko miamba yetu, wakakuta wapangaji walewale. Maji yanatofautiana, sifongo hatofautiani. Wanasema katika sifongo wa namna hiyo mama huwakabidhi wanawe bakteria hao tangu kwenye yai, ndiyo maana anakwenda nao popote. Ndilo jibu la swali langu. Nililishika mkononi mwaka mmoja kabla yao, nikalitia tanuruni nikasimama kulitazama likiungua.

Shahada nimepata, kwa kazi nusu. Mkuu ameniambia, "Bahati mbaya," kisha akaenda kunywa chai.

Kuhusu kazi nitalia hata mwaka, lakini kuhusu wewe sijui pa kuanzia. Nilikuita mwongo ulipokuwa umesema kweli, na nikakuamini siku moja tu uliyosema uongo. Kwa nini ulisaini? Niambie, niko chini ya miguu yako.

Mdogo wako, kama bado

28 Agosti

Shemeji,

Bado. Ondoka chini ya miguu yangu, nitakukanyaga.

Umeuliza kwa nini. Isome tena barua yako ya Juni. Uliandika, "Ukisema, mimi napona." Mimi sijui bakteria. Najua mtu akiniambia kuna dawa, na dawa ni karatasi moja, naandika. Nilidhani vipande vimeshaharibika vyenyewe na anatafutwa tu wa kubeba. Nikasema mimi nina mabega. Uliandika mtavitupa, nikaona ni kutupa takataka. Ningejua kwamba ndani yake ndimo lilimokuwa jibu, ningekuja na basi nivishike mwenyewe. Kosa ni langu pia. Nilikuwa na haraka ya kuwa mtu mwema.

Kuna jambo ambalo huenda hulijui. Mkuu wako alileta nakala bandarini. Msimamizi wetu aliisoma mbele ya wote asubuhi, kabla hatujavaa. Mtu wangu wa kamba, aliyekaa juu ya maji saa zile zote akihesabu dakika zangu kule Mbali, alisimama akasema, "Huyu alishuka, nilimshika mimi." Msimamizi akaniuliza, "Mwandiko ni wako?" Nikasema ni wangu. Ningekataa, ungepata taabu. Sikumwaga unga, nilihamishwa tu. Nagonga kutu kwenye minyororo, nchi kavu. Hata sikio limepata nafuu, kwa hiyo nisilalamike sana.

Usiandike bandarini kunitetea. Utawaambia nilidanganya kwamba nilidanganya, na msimamizi wetu hesabu hizo hazimwingii. Halafu ni kweli nilisaini uongo. Mtu wa kamba haulizi uongo ule ulikuwa wa kumsaidia nani.

Jingine linaniuma kukwambia. Usipange kurudi Mwamba wa Mbali kukata upya. Wamechimba njia ya meli kubwa, na tope lote wamekwenda kulimwaga kule. Wenzangu walioshuka wanasema hawaoni hata mkono wao. Sifongo wako wako chini ya tope hilo, na yule mdogo wa kwenye shimo naye.

Nanga

4 Septemba

Shemeji,

Habari za kamba zimenikata maini. Nilikaa na barua yako kwenye ngazi za maabara mpaka mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu. Sikujua kabisa kwamba Mkuu alipeleka nakala. Lakini karatasi nilimpa mimi, na sikumuuliza ataipeleka wapi.

Sasa kuna jambo siwezi kulikwepa, na nakuomba usikasirike.

Mwaka jana nilikuuliza kuhusu dada kwa matusi. Niliuliza kwa sababu nilidhani wewe ni mwongo. Leo najua wewe ni mkweli, lakini nimejua pia kwamba ukimwona mtu unayempenda anazama, utasema lolote ili apumue, utatia na saini, na utanyamaza mwaka mzima akikutukana. Hilo linanitisha kuliko lile la kwanza.

Miaka sita nimejiambia dada mwenyewe alitaka nisome. Nimelieleza neno hilo kwa mama, kwa marafiki, kwa mchumba aliyeniuliza kwa nini sikuwepo. Dada alisema nini? Usinihurumie safari hii. Ukinihurumia nitajua.

Mdogo wako

19 Septemba

Shemeji,

Nimechelewa kujibu. Sikuwa na shughuli yoyote, nilikuwa naogopa.

"Msimwite, ana mtihani, mwacheni asome" ni maneno yangu mimi. Niliyasema kwenye korido ya hospitali, muuguzi aliponiuliza kama kuna ndugu wa kuitwa. Ilikuwa Jumatatu. Daktari alikuwa amesema ana wiki mbili, labda tatu. Mtihani wako ulikuwa Alhamisi. Nikapiga hesabu, nikasema Alhamisi jioni nakupigia, Ijumaa uko hapa, mna siku nyingi za kukaa pamoja. Mimi ni mtu wa kuhesabu dakika, nikajiamini.

Jumanne aliamka akasema, "Mdogo wangu ameambiwa?" Nikasema ameambiwa. Akasema, "Anakuja?" Nikasema yuko njiani. Alifurahi, shemeji. Aliniambia nisogeze kiti upande wa dirisha ili ukiketi awe anakuona bila kugeuza shingo. Nikakisogeza. Mchana wote muuguzi akija kukaa hapo kumpima, anamwambia, "Samahani, hicho kina mtu."

Jumatano asubuhi akauliza basi limefika wapi. Nikamtajia mji wa nusu ya njia. Saa sita akauliza tena, nikautaja unaofuata. Kufika saa tisa hakuuliza.

Hakukukasirikia. Hilo sikutungii. Mtu hawezi kumkasirikia aliye njiani.

Baadaye ulipofika, umevaa viatu tofauti miguuni, unauliza kwa nini hukuitwa, nilikuangalia nikaona nikisema ni mimi, utanichukia, na hilo ningelivumilia. Lakini ungejua pia kwamba alikuita, na hilo nikaona wewe hutalivumilia. Nikampa yeye maneno yangu. Niliogopa pia kwa ajili yangu mwenyewe, usinifanye malaika.

Ulipoandika mwaka jana kwamba limepangwa vizuri mno, nilijua umelijua. Nikashukuru ulivyosema hutaki jibu.

Mume wa dada yako

27 Septemba

Shemeji,

Ungeniita ningekuja. Ningeacha kalamu juu ya meza nikaja. Ulipiga hesabu ambayo haikuwa yako kupiga, na hilo sijui kama nitaweza kukusamehe, nakwambia wazi ili tusianze kutungiana tena.

Lakini na mimi nina langu. Mtihani ule wa Alhamisi nilifeli. Nilipata alama thelathini na moja. Nilifanya bila kujua lolote, akili yangu ikiwa timamu, nikafeli tu kwa sababu sikusoma, nilikuwa nimekwenda harusini Jumapili. Niliurudia mwaka uliofuata. Mlipokuja kunipongeza nyote mkidhani nimefaulu mara ya kwanza, nilinyamaza. Nilikuwa nafikiri dada alijinyima kuniona kwa ajili ya karatasi ile, nikaona bora nife nayo kuliko wewe ujue ilikuwa na alama ngapi.

Kwa hiyo alikaa anamwambia muuguzi kiti kina mtu, na mwenye kiti yuko mbali, anangoja mtihani atakaoufeli.

Bandarini nimeandika, utake usitake. Nimeweka matokeo ya maji ya chupa zako kumi na mbili za Mbali, na nimeandika kwamba barua uliyoisaini niliiomba mimi. Msimamizi wenu akichanganyikiwa, anipigie, nitamweleza polepole. Mkuu wa maabara naye amepata nakala, nimemwekea mezani chini ya kikombe chake.

Nimekata tiketi ya Ijumaa asubuhi. Nataka twende kaburini sote wawili, kwa sababu mara zote nilizokwenda nilikuwa namshukuru kwa maneno ambayo hakuyasema. Sijui nitamwambia nini safari hii. Basi linafika saa kumi. Usije kunipokea stendi, nitakuja mwenyewe kwa miguu mpaka mlangoni. Akikuuliza mtu, mwambie niko njiani, na safari hii itakuwa kweli.

Mdogo wake